Kwa Nini Ndege ya Baba Yako Haikuruka

Marwa mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya kwinini, na ya kutokula chakula cha watu usiowajua ndani ya basi nimeshakuambia kwa mdomo mpaka ukacheka. Hayamo humu. Umekwenda kuaga kwa baba yako mdogo Chacha, na najua huko hawatakuachia upesi, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Ninayotaka kukuambia ni marefu, na nikiyasema huku nakutazama nitayakata katikati, kama nilivyofanya kila uliponiuliza.

Unakwenda Nairobi kujifunza kutengeneza ndege, na baba yako alifia kwenye ndege. Watu wa Nyakunguru hawaelewi nimekukubalia vipi. Jana mtoni mke wa katekista aliniuliza mbele ya wenzake, "Gati, umechoka kuwa na mtoto?" Nilijitwisha mtungi nikaondoka. Jibu ninalo, ila si la kumpa yeye.

Wakati ule ulikuwa bwenini, shule ya misheni, na ulipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Uliyosikia baadaye uliyasikia vipande vipande, huku kwa shangazi, huku kwa wachunga ng'ombe. Ngoja nikupe yote kwa mpangilio.

Baba yako alikuwa dresa, akifunga vidonda kwenye zahanati ya mgodi. Utakumbuka alivyonukia dawa ya vidonda hata siku ya Jumapili. Mgodi ulikuwa na kiwanja cha ndege pale mwinukoni, ukanda wa majani yaliyofyekwa, upande huu nyumba za Wazungu, mwishoni korongo la mawe. Kabla ya hapo palikuwa malisho ya Mzee Nyamhanga. Walipopachukua walimpa mahali pengine, mbali na maji, naye hakunyamaza. Kila ndege ilipotua alisimama ukingoni na fimbo yake akasema kwa sauti, "Hilo lidude litafia hapa hapa." Tulimsikia sote. Tulimzoea, tukawa tunacheka.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, injini mbili, kila injini na panga lake linalozunguka mbele, viti vya watu wachache. Ilitoka Mwanza na barua na vipuri, ikarudi na dhahabu na Wazungu wanaokwenda likizo. Mtu mweusi kupanda ilikuwa ajabu. Rubani alikuwa kijana mrefu, sisi tulimwita Bwana Miwani. Alikuwa na adabu. Alijifunza kusema "shikamoo" na akawa anawaamkia hata wafagiaji wazee, nao wakimwitikia wakishika mdomo wasicheke.

Masika yale ndege ilitua, na mvua ikaanza siku ileile. Kiwanja kikawa tope. Ndege ikakaa. Kila asubuhi Bwana Miwani alikuja akatembea kiwanja chote akikandamiza ardhi kwa kisigino, akatikisa kichwa, akarudi kwa meneja. Hivyo hivyo kwa siku kadhaa.

Kisha huko chini mgodini jiwe likamwangukia Odhiambo. Odhiambo unamjua, lakini hukumjua alipokuwa na miguu miwili sawasawa. Alikuwa Mjaluo mwenye nguvu kuliko wote, akiimba tangu anapoingia shimoni mpaka anapotoka. Walimtoa paja likiwa limepasuka na damu haikamatiki. Daktari Mzungu alifunga alichoweza kufunga, akasema bila hospitali ya Mwanza huyu hafiki kesho. Lori lilikuwepo, lakini Mto Mara ulikuwa umefurika na hakuna gari lililokuwa likivuka. Mvua ilikuwa imepumzika tangu usiku. Bwana Miwani akaenda tena na kisigino chake. Safari hii hakutikisa kichwa.

Baba yako ndiye aliyeambiwa aende na mgonjwa, akandamize kidonda njia nzima. Nilipata habari nikampelekea koti na viazi. Nilimkuta anapakia machela.

"Utarudi lini?" nikamuuliza.

"Ndege ikirudi."

"Na isiporudi?"

"Nitakuja na lori maji yakipungua. Wewe unadhani watanisahau Mwanza kama gunia?"

Akachukua kiazi kimoja, vingine akanirudishia, akasema huko hospitali kuna chakula. Ndivyo tulivyoagana. Hapakuwa na neno kubwa. Watu wanapenda kuniuliza maneno ya mwisho yalikuwa nini, na mimi huwajibu ukweli, kwamba yalihusu viazi.

Niliiona ikienda. Ilianza taratibu kwenye yale majani mabichi, halafu ikakaza. Nilikuwa nimeshaziona nyingi zikiondoka, kwa hiyo nilijua mahali ambapo huinua pua, penye jiwe lililopakwa chokaa. Ilipita lile jiwe ikiwa bado chini. Mama mmoja aliyesimama nami alisema, "Mbona hairuki?" Kisha nikasikia injini zikipungua sauti ghafla, na magurudumu yakaanza kuteleza. Ilikwenda upande upande kama ng'ombe anayeburutwa, ikaingia korongoni. Haikulipuka. Watu wanaposimulia husema iliwaka moto, haikuwaka. Ilikunjika tu kwenye mawe, kukawa kimya, na tukaanza kukimbia.

Rubani alikuwa hai, mgongo umevunjika. Odhiambo alikuwa hai. Karani wa Kihindi aliyekuwa kwenye kiti cha nyuma alivunjika mkono. Baba yako peke yake ndiye aliyekufa, kwa sababu hakuwa kwenye kiti. Odhiambo alinieleza baadaye, alipoweza kusema, maana usiku ule mto ulipungua na lori likawafikisha Mwanza yeye na rubani.

"Mama Marwa, alikuwa amepiga magoti chini, amelalia paja langu kwa mikono yote miwili. Yule Mzungu aligeuka akamwambia afunge mkanda. Akajibu, nikifunga mkanda mkono haufiki. Mimi nilikuwa nalia, naomba waniteremshe. Akaniita kijana kwa lugha yenu, 'Usitazame dirishani, mura. Nitazame mimi.' Basi nikamtazama. Hata tulipogonga nilikuwa namtazama yeye."

Hilo nimelikalia miaka yote hii, na kusema kweli kwa muda mrefu nilimkasirikia. Nilimkasirikia Odhiambo kwa kuishi, na baba yako kwa kutofunga mkanda. Siku hizi simkasirikii yeyote. Alikuwa na kazi mbili ambazo haziwezi kufanywa pamoja, akachagua moja.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Matanga hayajaisha, watu walikuwa wameshapata jibu. Wengine walisema rubani alikuwa amelewa. Lakini jibu lililopendwa zaidi lilikuwa Mzee Nyamhanga. Alisema litafia hapa, na limefia hapa. Nani alitaka ushahidi zaidi? Baba yako mdogo Chacha alikuwa amempoteza kaka yake wa pekee, na kijana mwenye uchungu kama ule anahitaji mahali pa kuupeleka. Walikusanyika hapa uani, vijana wa ukoo, na mimi niliwapikia ugali. Hakuna aliyenificha wanakokwenda. Chacha aliniuliza mara moja tu, "Shemeji, unasemaje?" Nikasema, "Mimi ni mjane, nitasema nini?"

Walichoma boma lake na kuchukua sehemu kubwa ya ng'ombe. Mzee hakupigwa, namshukuru Mungu kwa hilo. Alitoroka na mkewe na mifugo iliyobaki, wakapita Sirari, wakaenda kwa ndugu zake upande wa Kenya. Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alijua, akageuza uso. Nami nililala vizuri siku zile, Marwa. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote, jinsi lile jibu lilivyoniletea usingizi.

Mkaguzi wa ndege alikuwa ameshakuja wakati huo, Mzungu mzee mnene, akishuka na kupanda lile korongo na karani wake bila kumwambia mtu kitu. Alipima kiwanja. Alichukua petroli kwenye chupa. Alikata kipande cha bawa akaondoka nacho kwenye lori. Vijana walimcheka: mtu anatafuta nini kwenye mabati wakati jambo linajulikana?

Alirudi kiangazi. Aliniita mimi na Chacha, kwa kuwa sisi ndio wenye marehemu, akatuketisha kwenye baraza la zahanati. Karani wake alikuwa Mhaya, mpole, akitafsiri polepole. Mezani aliweka kibomba chembamba, si kirefu kuliko mkono wangu.

Alisema hivi. Gari linajua mwendo wake kwa magurudumu. Ndege ikiwa angani haina magurudumu ya kuhesabu, kwa hiyo inajua mwendo kwa upepo unaoingia kwenye kibomba hiki kilichofungwa kwenye bawa. Upepo ukisukuma kwa nguvu, mshale ulio mbele ya rubani unapanda. Ukisukuma kidogo, mshale unabaki chini. Rubani anangoja mshale ufike mahali fulani ndipo anainua.

Akakigeuza kibomba, akakung'uta. Juu ya karatasi kukaanguka udongo mkavu, umefinyangwa kama kidole cha mtoto, na ndani ya udongo mlikuwa na buibui wadogo, wamekufa.

"Nyigu," akasema Chacha.

Ni nyigu, mwanangu. Wale wembamba weusi wanaojenga vyumba vya udongo kwenye ukuta wa jiko, wanaojaza buibui ndani yake kwa ajili ya watoto wao. Ndege ilikaa siku zile zote kwenye mvua, tope liko kila mahali, na kitundu kile kilikuwa kizuri kwao. Hakikuzibwa chote. Upepo ulipita kidogo. Kwa hiyo siku ile ndege ilikuwa na mwendo wa kutosha kuruka, tangu kabla ya lile jiwe la chokaa, lakini mshale ulimwambia rubani bado. Akangoja. Mshale ukasema bado. Aliponyanyua macho kiwanja kilikuwa kinaisha, akaamua kusimama, na majani mabichi hayashiki breki.

Chacha aliuliza kama kibomba hakina kifuniko. Mkaguzi akasema kinacho, kitambaa chekundu, na kilisahauliwa Mwanza. Rubani alikuwa amefunga leso yake badala yake, na dhoruba ya usiku wa kwanza ikaichukua. Asubuhi ile alikagua petroli, akakagua magurudumu, akazungusha mapanga kwa mkono, kila kitu kama alivyofundishwa, isipokuwa hakuchungulia pale. Mgonjwa alikuwa anavuja damu na mawingu yalikuwa yanarudi. "Ameyasema mwenyewe yote," karani akatuambia, "akiwa amelala kitandani hospitali. Hakuficha hata la leso." Na pombe? Mkaguzi akasema hapakuwa na pombe.

Nikauliza, "Basi kosa ni la nani?"

Karani alitafsiri, na yule mzee akasugua paji la uso. Akasema kiwanja kingekuwa kirefu zaidi, pengine mumeo angekuwa hai. Majani yangekuwa makavu, pengine angekuwa hai. Kitambaa kisingesahauliwa, leso isingepeperuka, mgonjwa asingekuwa mahututi, rubani angechungulia. "Mimi hutafuta kilichotokea," akasema, "ili kisitokee tena. Anayetafuta wa kumfunga ni mtu mwingine."

Wakati ule maneno hayo yaliniudhi. Nilitaka jina. Tulirudi nyumbani na Chacha, na tulipofika kwenye njia panda akasimama, akasema, "Shemeji, wale ng'ombe wanakula wapi sasa hivi?" Alijua wanakula wapi. Walikuwa kwenye zizi lake.

Nilimwambia twende kwa Mzee. Alisema hawezi kwenda mikono mitupu, na hawezi kuvusha ng'ombe mpakani bila kukamatwa, na hivi na vile, hata nikaona hatakwenda. Basi nilikwenda mimi. Lori mpaka Sirari, halafu kwa miguu, nikiuliza kwa watu. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba ya mpwa wake, anasuka kamba. Hakusimama. Nikamwamkia kama baba yangu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umekuja kuchoma na hii?"

Nilikaa chini nikamweleza yote: kibomba, mshale, nyigu. Nilimweleza vibaya, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeelewa nusu, na mkewe alinirudisha nyuma mara kwa mara, "Hebu ngoja, huo upepo unaingilia wapi?" Nilipomaliza Mzee alikuwa ameacha kusuka.

"Nyigu," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Sikuwatuma."

"Najua."

"Nilisema litafia pale kwa sababu kiwanja ni kifupi na mwisho wake kuna mawe. Mtu mwenye macho angesema hivyo hivyo. Hamkuniuliza kwa nini nasema. Mlikuja na moto." Kisha akaniuliza, "Wewe ndiye uliyewapikia?"

Sijui nani alimwambia. Nikasema ndiyo. Mkewe akaingia ndani akaniletea maji ya kunywa, na mpaka leo sijui kama yalikuwa maji ya msamaha au ni kwa kuwa mgeni hanyimwi maji. Mzee hakusema amenisamehe. Alisema, "Mwambie Chacha ninawajua ng'ombe wangu mmoja mmoja, na waliozaliwa hesabu yao naijua pia."

Chacha aliwarudisha. Ilichukua mwaka na aibu nyingi, na alikaa mahabusu kidogo kule mpakani, akiwa anajaribu kuwaeleza askari kwamba yeye hakuiba ng'ombe ila anawarudisha. Askari walicheka mpaka wakachoka. Ndiyo maana baba yako mdogo hapendi hadithi hiyo. Usimtajie, hata ukirudi likizo. Mzee Nyamhanga hakurudi kuishi huku. Alifia kule, na mimi na Chacha tulikwenda msibani, tukakaa nyuma.

Sasa rudi kwako. Ulipoanza kusema habari za ndege nilikukatalia, utakumbuka nilivyokukatalia. Nilitaka uwe mwalimu. Nilimwomba padri akushawishi. Kilichonigeuza ni ile jioni ulipokuwa unanieleza ndege mpya zilizokuja Nairobi, ukachora chini kwa kijiti. Ulisema injini zake hazipigi pistoni kama lori, bali zinapuliza gesi ya moto inayozungusha turbini, na turbini ndiyo inayozungusha mapanga. Ulisema zinakwenda juu na kwa kasi. Nilikuuliza hizo nazo huanguka? Ukasema huanguka. Nyingine barafu inaganda kwenye mabawa, nyingine rubani anashuka mawinguni akidhani mlima uko mbali, nyingine kidude kidogo kinakatika mahali ambapo hakuna aliyetazama. Ulisema hivyo bila kupamba, na nikapenda kwamba hukunidanganya.

Nikakuuliza, kwa kuwa nilijua kipande hicho umeshakisikia, "Na kile kibomba cha upepo?"

"Kipo, mama. Sasa kinapashwa moto, kisigande."

"Na nyigu?"

"Kina kifuniko."

"Hata siku ile kifuniko kilikuwepo. Kilikuwa Mwanza."

Ukakitupa kijiti. Hukuzitetea zile ndege wala hukunibishia. Kesho yake nikakukuta umesimama nyuma ya jiko unatazama vyumba vya udongo vya nyigu ukutani, umevunja kimoja, unahesabu buibui. Hapo nikajua utakwenda, nikubali nisikubali, na ni afadhali uende nimekubali.

Sikutumi kulipa kisasi kwa mashine, wala kumfufua baba yako. Lakini kazi hiyo, siku moja, itakukutanisha na chuma kilichokunjika, na watu wakiwa wamesimama wanataka jina. Watakuwa na uchungu wa kweli, kama sisi. Pengine wakubwa wako ndio watakaotaka jina, na jina litakalokuwa jepesi kusemwa litakuwa la mtu mdogo. Pengine litakuwa lako. Mimi sina mafunzo ya kukupa kwa hilo. Nakuambia tu nilivyokuwa siku ile uani, na sufuria ya ugali mkononi, na Chacha akiniuliza ninasemaje. Nilikuwa nimeulizwa, Marwa. Ningeweza kusema sijui. Neno hilo moja lingetosha kuwachelewesha mpaka kiangazi.

Odhiambo atakuja alfajiri kukusindikiza hadi kwenye basi. Hakuombwa. Atataka kubeba sanduku lako, na kwa mguu wake ule mtakwenda polepole. Mwache alibebe.

Kuhusu mimi usihangaike. Chacha yupo karibu, shamba linatosha, na macho bado yanaweza kusoma, kwa hiyo andika, hata kama ni kueleza boliti tu. Nitaelewa nusu, kama kawaida yangu.

Nimebakiwa na ombi moja. Sijawahi kupanda ndege, na tangu korongo lile niliapa sitapanda. Siku utakapokuwa fundi kamili, na ukaikagua ndege moja wewe mwenyewe, ukachungulia kila kitundu, ukaridhika, niambie inaondoka lini.

Nitapanda hiyo.

Mama yako anayekuombea,
Gati